Kijivu Chini ya Kofia

Kazi yangu hapa Eldoret ni kutengeneza vijitabu vya mazishi, na imenifundisha kutowaamini watu wanaoniambia marehemu alikuwa mpole. Wote huwa wapole. Wote walipenda kanisa, wote walipenda watoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkosea jirani. Mimi huchapa tu. Nikianza kuuliza maswali nitafunga duka.

Duka lenyewe liko ghorofani, juu ya muuzaji wa mbegu na dawa za mifugo, kwa hivyo wateja wangu hufika kwangu wakiwa tayari wananuka dawa ya kupe. Nina kompyuta mbili na printa moja yenye kiburi. Kabla ya haya nilisomea kompyuta, nikaandika programu kwa miaka kadhaa katika kampuni iliyofungwa bila hata kutuaga. Tulifika asubuhi tukakuta kufuli. Tangu siku hiyo mtu akiniambia kazi ya kompyuta ina pesa, mimi hucheka mpaka naumwa mbavu.

Siku ya kisa hiki mvua ilikuwa imeanza mapema. Akapanda ngazi mwanamke aliyeshika mtoto wa kike mkono mmoja na simu mkono mwingine. Hakuketi. Alininyooshea simu, nikaona tangazo la msiba nililolitengeneza mwenyewe: dereva wa lori, amefariki kwa ajali, mazishi Jumamosi nyumbani kwao karibu na Turbo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina la duka langu, vile huwa naweka ili watu wajue pa kunipata wakifiwa.

"Ni wewe ulitengeneza hii?"

"Ni mimi. Kuna makosa kwa jina?" Watu hunijia hivyo kila siku. Umeandika jina la shangazi vibaya, dunia inaanguka.

"Jina liko sawa," akasema. "Ni baba ya huyu."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa wa umri wa kuanza chekechea, amevaa gambuti za kijani za mvua, anaangalia printa kana kwamba itamuuma. Katika kijitabu nilichokuwa naandaa kulikuwa na mke mmoja na watoto watatu, na huyu hakuwa mmoja wao. Nikajua siku yangu imeharibika.

Nikampa benchi, akaketi, akanieleza. Anauza mahindi ya kuchemsha Cheptiret, kando ya barabara kuu, pale malori husimama. Wazazi wake walihamia huko kutoka upande wa kati wa nchi, baba yake akafungua duka. Huyo dereva alikuwa akisimama kununua mahindi, halafu akawa anasimama bila kununua mahindi. Alikuwa na mke kwao. "Nilijua," akaniambia, "siwezi kukudanganya, nilijua." Mtoto alipozaliwa, dereva alikuja kwa wazazi wa mwanamke kujitambulisha. Lakini hakuja na wazee wa kwao. Alikuja na dereva mwenzake, akasema ni kaka yake. Baba wa mwanamke akachinja kuku, wakaomba, wakala, wakapiga picha mbele ya nyumba. Baba huyo sasa ni marehemu, na dereva mwenzake yuko safari za Juba na simu yake ni mteja hapatikani.

Mtu wa pande zetu anajua shida iko wapi. Mimi mwenyewe wazazi wangu walitoka magharibi, na kwetu mwanamume aliyekuja bila wazee wake hajakuja. Alipita tu akala kuku.

"Unataka nini sasa?" nikamuuliza. Nilidhani ni mambo ya shamba, maana mara nyingi ni shamba.

"Shamba sitaki. Ng'ombe sitaki. Hata kiti sitaki, nitasimama. Nataka tu mtoto asomwe."

Kusomwa si jambo dogo. Siku ya mazishi, msema chochote, yaani MC, husoma majina ya watoto wa marehemu, wanasimama mbele ya watu wote, na baadaye kila mmoja anatupa udongo kaburini. Mtoto asiyesomwa siku hiyo amekwisha. Akikua akaja kuuliza kwao ni wapi, ataulizwa, wewe ulisomwa lini? Cheti chake cha kuzaliwa kina jina la mama peke yake, kwa sababu siku ya kuandikisha baba alikuwa njiani. Baba alikuwa njiani siku zote, na sasa njia imemmaliza.

"Weka tu jina lake hapo," akaniambia. "Chini ya hao watatu. Si wewe ndiye uko na kompyuta?"

Nilikasirika. Sijui kama nilimkasirikia yeye au huyo dereva wake aliyekula kuku wa watu. "Dada, hayo majina siongezi kama chumvi! Kitabu ni cha kamati. Mwenyekiti wao ni baba mdogo wa marehemu, na mzee huyo anasoma kila mstari kwa kidole. Nikiongeza jina, vitabu vyote vinachomwa na wewe unafukuzwa mbele ya mtoto. Niletee kitu cha kuwaonyesha. Picha. Alhamisi nawapelekea nakala ya kwanza waiangalie. Nikiwa na picha nitaongea."

Akaingiza mkono kifuani, akatoa leso iliyofungwa fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na memori kadi.

"Picha ziko zote hapa. Lakini hazifunguki."

Nikamuuliza picha zingine ziko wapi, kwenye simu, kwa mtandao, kwa marafiki. Hakuna. Dereva alikuwa hataki kupostiwa mahali, mnajua sababu. Simu ilipojaa, mwanamke alinunua kadi kwa wachuuzi wa barabarani, kadi iliyoandikwa ukubwa wa ajabu, akahamishia kila kitu humo. Picha zikaonekana zote, ndogondogo, zimejipanga. Akafurahi, akafuta za kwenye simu. Halafu simu yenyewe, ile ya zamani, ikaanguka ndani ya sufuria ya mahindi yanayochemka.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Naye akacheka kidogo, halafu akaacha.

Kadi za namna hiyo nazijua. Zina nafasi ndogo sana, lakini zimetengenezwa ziseme zina kubwa. Unaipa picha, inapokea. Nafasi ikiisha haisemi imejaa. Inaendelea kupokea na kutupa. Jina la faili lipo, ukubwa wa faili upo, siku ya kupigwa ipo. Ndani hakuna kitu, ni sifuri ikifuatwa na sifuri. Nyimbo zilizotangulia kuhamishwa zilikuwa zimepona, lakini nilifungua picha moja baada ya nyingine mbele yake na kila niliyoifungua ilikuwa sifuri.

"Pole, dada. Hakuna kitu."

"Angalia tena."

"Nimeangalia."

"Angalia ile ya mbele ya nyumba. Tafadhali."

Niliangalia ili nimwondoe dukani, huo ndio ukweli. Na hiyo ndiyo faili iliyokuwa imeangukia mpakani, pale hasa nafasi ya kweli ya kadi ilipoishia. Mwanzo wake ulikuwa na namba za kweli. Halafu, ghafla, sifuri mpaka mwisho. Programu za kawaida ziliikataa, zikasema faili imeharibika.

Basi nikatafuta kodi yangu ya zamani, si ya serikali, ni maandishi ya programu niliyoandika kule kazini.

Anayeandika programu ya kufungua picha haandiki kila kitu mwenyewe. Anachukua maktaba, yaani kodi ambayo watu wengine waliiandika na kuiacha itumike na yeyote, anaiunganisha na ya kwake. Maktaba hiyo inajua kugeuza namba kuwa picha, lakini haijui namba zinatoka wapi, na haitaki kujua. Kuzileta ni kazi yako. Ni kama mashine ya kusaga mahindi. Mwenye mashine hajali gunia limetoka Turbo au limetoka wapi, anataka tu mtu wa kumimina. Unamimina debe, linasagwa. Likiisha, maktaba inakugeukia: lete lingine. Nawe una majibu mawili tu ya kuipa. Ngoja, linakuja. Au, yameisha.

Kodi yangu ilikuwa imeandikwa ngoja. Kule kazini picha zilikuwa zinakuja kwa mtandao wa polepole, kwa hivyo tulizoea kuiambia maktaba isubiri. Nikaiongezea tu mstari wa kuzitambua zile sifuri kama debe tupu, nikaianzisha. Ikasoma, ikasoma, ikafika kwenye sifuri, ikaomba debe lingine. Kodi yangu ikajibu ngoja. Ikangoja.

Nilienda kuchemsha chai. Niliporudi mwanamke alikuwa bado anakodolea skrini, ameshika magoti ya mtoto ili asipige benchi kwa gambuti.

"Inafanya nini?"

"Inangoja."

"Inangoja nini?"

Hakuna kitu kilichokuwa kinakuja, na ningeiacha hapo ingengoja mpaka stima ipotee. Nikampa chai, nikabadilisha jibu, nikaandika yameisha.

Ukiiambia yameisha kabla picha haijatimia, maktaba hiyo haipigi kelele. Inaandika onyo fupi, inajiwekea alama ya mwisho yenyewe, na mahali pote palipobaki inapaka kijivu. Haibuni kitu. Kwa hilo mimi huiheshimu kuliko wateja wangu.

Picha husomwa kutoka juu kwenda chini, kwa hivyo kilichotoka kilikuwa utepe wa juu. Mawingu. Ncha za miti ya misaipresi. Bati jipya la nyumba, linang'aa. Na chini kabisa ya utepe, upande wa kushoto, kofia ya rangi ya maziwa. Kofia tu, na ukingo wake wa mbele. Kutoka hapo kwenda chini ni kijivu kitupu.

Mtoto akashuka kwenye benchi, akaja mpaka mezani.

"Kofia ya baba," akasema.

Mama yake aliweka kikombe chini. "Vuta chini kidogo," akaniambia. "Inaonekana kidogo tu. Vuta chini."

"Hakuna chini, dada. Imeishia hapo."

"Si uso uko hapo tu chini ya kofia? Vuta."

Nilivuta, ili aone mwenyewe. Kijivu kikapanda, kikajaa skrini yote. Aliangalia kile kijivu, na mimi nikatazama dirisha. Ukimwambia mtu uso uko chini kidogo tu ya kile ulichonacho, na kwamba hautakuja, unamwongezea nini? Afadhali kadi ingekuwa tupu yote.

"Kuna hizi programu za siku hizi," akasema baadaye. "Watu wanasema zinaweza kumalizia picha."

"Ziko. Zitakuchorea mwanamume chini ya kofia, mzuri kabisa. Lakini atakuwa mwanamume yeyote."

Alifikiria. Niliona kabisa anafikiria, na sikumlaumu.

"Yeyote sitaki," akasema, akamfunga mtoto skafu, wakashuka ngazi.

Kilichonirudisha kwenye ile faili alasiri hiyo hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira. Nilikuwa napanga kijitabu cha dereva, nimefika pale panaposema alikuwa baba mwenye kujali, nikasukuma kiti nyuma nikasema kwa sauti, "Wacha!" Nikaifungua kodi tena nisome ilichofanya, hatua kwa hatua, kwa sababu nikikasirika siwezi kupanga picha za maua.

Hapo ndipo nilipoona kwamba maktaba, kabla haijaanza kuchora, iliiambia kodi yangu iruke sehemu ndefu ya mwanzo. Hilo ni jambo la kawaida. Mwanzoni mwa faili simu huweka mambo yake: siku, aina ya simu, imeshikwa wima au kwa ubavu. Maktaba haiyahitaji, kwa hivyo hukuambia ruka, na kodi yako inaruka bila kuuliza. Yangu iliruka pia. Lakini sehemu hiyo ilikuwa ndefu mno. Siku na aina ya simu haviwezi kuchukua nafasi yote hiyo.

Halafu nikakumbuka. Mle ndani simu nyingi huficha nakala ndogo ya picha nzima, ile ile ndogondogo inayojipanga ukifungua picha zako. Ndiyo iliyomdanganya mwanamke yule kwamba picha zake ziko salama. Na ilikuwa mwanzoni kabisa mwa faili, upande wa kweli wa mpaka.

Nikaiambia kodi isiruke. Nikaichota sehemu ile peke yake, nikaimimina kwenye maktaba kana kwamba ni faili nyingine. Ikasaga mpaka mwisho bila onyo lolote. Ikatoka picha ya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, nzima, kutoka mawinguni mpaka kwenye nyasi. Bati. Watu wamesimama mstari. Kofia. Na chini ya kofia, uso.

Nilipiga kelele mpaka muuza mbegu akaja ngazini kuuliza kama nimeibiwa. Nikampigia mwanamke simu, nikamwambia, "Nimempata!" Akalia, nami nikalia, wanawake wawili wajinga, mmoja Eldoret na mwingine Cheptiret kando ya sufuria.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipojaribu kuikuza. Picha ya ukubwa huo haina kitu ndani cha kukuza. Ukiivuta, uso unageuka miraba michache ya rangi ya udongo, macho hayapo, mdomo haupo. Nilijaribu kila namna. Mwishowe nikaichapa ukubwa wa kiberiti, maana zaidi ya hapo ilivunjika. Ukiishika mbali kidogo na usiikazie macho, unamwona: mwanamume mrefu, bega moja limeshuka, kofia imesukumwa nyuma, amekumbatia kitu cheupe. Kitu cheupe ni shali, na ndani ya shali ni mtoto. Ukiikazia macho, vyote vinapotea.

Alhamisi tulifika kwao marehemu, mimi na nakala ya kijitabu ndani ya bahasha, yeye na kile kijipicha ndani ya Biblia yake ndogo. Mtoto alimwacha Cheptiret. Bibi ya mtoto, mama yake mwanamke, alikuwa amekataa katakata aje. Mtoto haingizwi boma la matanga kabla hajapokelewa. Uani vijana walikuwa wanasimamisha hema, wanawake wanakata kabichi, na kila aliyetuona aliacha kisu hewani kidogo. Habari ilikuwa imetutangulia, vile habari hufanya.

Kamati ilikuwa imeketi sebuleni. Mama mzazi wa marehemu alikuwa kwenye godoro sakafuni, mgongo ukutani, amejifunika leso, na wanawake wawili pembeni yake. Mwenyekiti alisoma kijitabu kwa kidole chake, ukurasa kwa ukurasa, akanirekebisha jina la shemeji mmoja, akaridhika. Nikasema kuna jambo lingine.

"Madam," akaniambia, "wewe umekuja na kitabu ama umekuja na kesi?"

"Nimekuja na vyote, mzee. Nisikilizeni tu."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimejiandaa, na kadiri nilivyoeleza nilisikia maneno yangu yakioza. Kadi ya barabarani. Sifuri. Picha kubwa imekufa, ndogo imepona.

"Kwa hivyo unasema picha ni feki," mwenyekiti akasema.

"Kadi ndiyo feki, mzee. Picha ni ya kweli."

"Kadi feki, picha ya kweli!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia?" Wakacheka. Hawakuwa watu wabaya, wala si kicheko cha ubaya. Ndivyo watu hucheka wakiwa wamechoka na msiba na mtu amewaletea kitu cha kucheka.

Kijipicha kikapita mkono kwa mkono. Mmoja alikishika mbali, mwingine akakisogeza mpaka puani. Mmoja akauliza, "Huyu ni mtu ama ni doa ya mafuta?" Mwenyekiti akatoa miwani, akaivaa, akaivua.

"Na hii nyeupe ni nini?"

"Ni mtoto wangu, mzee," mwanamke akasema kutoka mlangoni. Hakuwa amepewa kiti, na hakuwa ameomba. "Amemshika."

"Inaweza kuwa mtoto. Inaweza kuwa pakiti ya unga."

"Basi tupimwe. Mtoto apimwe damu, mimi nakubali."

"Mtu anazikwa keshokutwa, mama. Hatuwezi kuanza kumchokora marehemu." Alisema polepole, kama anayemwonea huruma, na nadhani alimwonea. "Ungekuja akiwa hai. Ama angekuleta yeye mwenyewe. Wazee gani walienda kwenu? Taja mmoja tu."

Angemtaja nani?

Hapo sauti ikatoka sakafuni. "Nipeni nione."

Wakampa mama mzazi. Yeye hakukishika mbali wala karibu. Aligeuka kidogo kwenye godoro apate mwanga wa dirisha, akakiweka kiganjani. Mimi nilikuwa nimeketi upande wake, kwa hivyo niliona. Dole gumba lake lilienda kwenye kofia. Halafu likashuka kwenye lile bega lililoinama, likakaa hapo, likasugua taratibu, vile unavyofuta vumbi begani mwa mtoto kabla hajaenda shule. Midomo yake ilisema kitu bila sauti. Halafu dole likaenda kwenye kile kitu cheupe, likakifunika chote.

Alimjua. Mama hahitaji macho na pua. Nikamtazama mwanamke pale mlangoni, na yeye alikuwa ameona pia, maana alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Katika kona nyingine ya sebule alikuwa ameketi mke wa marehemu, kichwa kimefungwa kitambaa, watoto wake watatu wamemwegemea. Mama mzazi alimwangalia huyo. Akaangalia wajukuu wake. Akaangalia mwenyekiti.

"Huyu mtu simjui," akasema.

"Mama," nikasema, sikuweza kujizuia, "na bega? Na hiyo kofia?"

"Madam!" mwenyekiti akanikemea.

"Kofia ziko nyingi," mama mzazi akasema, na hakuniangalia.

Basi ikawa imeisha. Mwenyekiti akanishukuru kwa kazi nzuri, akasema kitabu kichapwe vile kilivyo, mtu mmoja akaomba tuombe, tukaomba. Wanaume wakatoka kwenda kuona hema. Mwanamke alitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye godoro, akapiga magoti mbele ya mama mzazi, akanyoosha mikono miwili pamoja, kwa heshima, vile mtu hupokea chakula.

"Mama, pole kwa msiba. Naomba tu unirudishie picha yangu. Sina nyingine."

Mama mzazi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Mikono yake ilikuwa mitupu juu ya mapaja. Kwenye leso, karibu na kifua, niliona pembe ndogo ya karatasi nyeupe niliyoikata mwenyewe kwa mkasi wangu.

"Picha gani?" akasema.

Wale wanawake wawili pembeni yake wakaangalia sakafu. Mwanamke aliendelea kupiga magoti kidogo, mikono bado imenyooka, halafu akaikunja, akainuka, akasema asante, akatoka.

Tulitembea mpaka barabarani. Mahindi pande zote mbili yalikuwa yamekauka, yanangoja kuvunwa, na upepo ulikuwa unayapigisha kelele. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuchoma lile hema. Nikamwambia asijali, faili iko kwangu, nitamchapia nyingine, nitamchapia hata kumi, hata sasa hivi tukifika mjini.

"Ya nini?" akasema.

"Ya mtoto. Akikua aone."

Alikuwa anatazama malori yakipita, moja baada ya jingine. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua cha kufanya.

"Mimi miaka hii yote," akasema, "nilikuwa nafikiri hawatupokei kwa sababu hawajui."

Kesho yake nilichapa vijitabu vyote, na mahali pa watoto niliacha watatu, vile walivyosema.